Mlango Niliomwachia Mama Mkwe

Admin, jina langu lifiche, na la chama chetu pia. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, mzaliwa wa Bungu, nimeoa Lushoto, nina watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba. Nilianza kwa kutengeneza redio, zikaja simu, zikaja kompyuta, na hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mjue anayeitwa mwizi leo ni mtu wa namna gani.

Tangu ushirika ufe na kila mkulima kuachiwa ajitafutie soko, tuliungana watu kumi na wanne, tukawa tunauza karoti na kabichi moja kwa moja kwenye hoteli za Dar. Alhamisi kila mwanachama anamwandikia katibu bei yake kwa barua pepe. Ijumaa katibu anapiga wastani, anaupeleka hotelini kama bei ya chama. Seva ya barua ni yetu wenyewe: kompyuta chakavu niliyoifufua kwa mikono yangu, iko stoo, umeme ukikatika inakula betri ya lori.

Zamani barua ilifika kwenye seva ikiwa uchi, pamoja na neno la siri la aliyeituma. Mtu yeyote kwenye mtandao uleule akitega, anavuna. Nikasema hapana. Nikafungua mlango mpya wa seva kupokelea barua, namba 587, nikatengeneza cheti cha kuitambulisha, nikaipa seva amri isipokee neno la siri la mtu mpaka mazungumzo yafungwe kwa msimbo kwanza, asiyehusika asione kitu. Majuma mawili, vitabu vya Kiingereza, kamusi pembeni. Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba kubadilisha mipangilio kwenye kompyuta za wanachama. Kumi na tatu nikamaliza.

Wa kumi na nne ni katibu, na katibu ni mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu.

Mliooa huku mnanielewa. Mama mkwe namwamkia kwa mbali, macho chini. Na kompyuta yake inakaa chumbani kwake. Niingie chumbani kwa mama mkwe, nimwambie, "Mama, nitajie neno lako la siri"? Nikamtuma mke wangu. Akarudi na jibu: "Mama anasema barua zake zinakwenda na hazijawahi kurudi. Wewe hangaika na za wenzake."

Nikamwomba shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Huyu ana diploma ya kompyuta, na usipomuuliza atakuambia. Alikaa na mashine ya mama yake robo saa, akatoka anapangusa mikono kama aliyechinja ng'ombe. "Tayari, shemeji. Kitu kidogo hiki, nyie mnakikuza tu." Jioni natazama rekodi za seva: barua ya mama imepita mlango wa zamani, uchi vilevile. Nikampigia. "Aa, uache wazi kidogo, nitarudi." Hakurudi. Miaka miwili ya chuo, kubofya mara tatu kumemshinda.

Kosa langu ni hili, silifichi. Mlango wa zamani niliuacha wazi kwa ajili ya mtu mmoja, miezi minne. Kila Ijumaa mama anashuka na kompyuta yake Mombo kwa dada yake, anajiunga na mtandao wa intaneti kafe ya pale stendi, anatuma. Na kila Ijumaa niliiona barua yake ikipita. Nikanyamaza. Nilimwonea haya.

Mwezi uliopita dalali mmoja akaanza kutupiku. Ijumaa tatu mfululizo hoteli ilikuwa na bei yake kabla ya yetu, shilingi ishirini pungufu kwa kilo. Siyo kumi wala thelathini, ishirini kamili, kila zao. Bahati haihesabu hivyo, huyo anasoma. Nikapekua rekodi. Alhamisi mojawapo sanduku la mama lilifunguliwa kutoka kafe ileile ya Mombo, wakati mama yuko Mtae msibani, mimi mwenyewe nipo naye, na kompyuta yake imefungiwa nyumbani. Neno lake la siri lilishaokotwa.

Kabla sijajua niseme nini, kikao kikaitishwa. Shemeji akasimama: "Mwenye seva ni mmoja. Anayeweza kuona barua zote ni mmoja. Na siyo wa hapa." Watu ambao juzi nilikuwa nawaonyesha kitufe cha kuwashia wakatikisa vichwa. Mmoja akanidhihaki, "Huko Bungu mnavuna kwa kompyuta siku hizi?" Wakacheka. Nikapewa mpaka kesho, Jumamosi, nijieleze au niondoke na jina la mwizi.

Mke wangu nilimwonyesha rekodi. Alizisoma zote, akasema, "Ukimtaja mama mbele ya watu wale, mimi usinikute nyumbani."

Jana niliufunga mlango wa zamani. Leo saa tatu asubuhi simu ikaita. Mama mkwe, mwenyewe. Miaka kumi na sita hajawahi kunipigia.

"Baba Zaina."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Mombo sijashuka, nimetumia intaneti ya simu, barua imegoma. Huyu mwanangu amehangaika, anasema seva yako mbovu. Mimi sijamwamini. Kompyuta nimeitoa sebuleni, nimekuwekea kiti. Njoo."

Bei iondoke kabla ya saa kumi jioni. Mipangilio ni dakika tatu. Lakini neno la siri nalo lazima libadilishwe leo, na yeye ni mwalimu, hatabadilisha kitu bila kuuliza kwa nini. Nikimwambia ukweli, atajua chama kimeliwa kupitia kwake, na kwamba mkwe wake aliona kwa miezi minne akanyamaza. Nikimdanganya, kesho nasimama peke yangu mbele ya wale watu.

Ndugu zangu, nishaurini haraka, viatu nimeshavaa. Akiniuliza kwa nini, nimjibu nini?