Nimezunguka migahawa mitatu jirani na lodge Newala, wa tatu nusura uninyime mke

Wakuu, heshima zenu. Nasimulia kama ilivyokuwa, chumvi sijaongeza. Chumvi yote iliishia kwenye mgahawa wa pili, mtaona.

Mimi ni wa Kilimanjaro, nafanya kazi Masasi. Nimempata mchumba, mwalimu Mmakonde, tumuite Vero. Baba yake alishanikubali, nikaanza kutembea kifua mbele.

Vero akanicheka. "Baba ni baba, ila mwenye neno ni mjomba."

Huku kaka wa mama akikataa, unarudi kwenu na kreti zako za soda za posa.

Mjomba anaishi Newala. Akasema tuonane kwa chakula cha mchana, mahali nichague mwenyewe. Nikapanda siku moja kabla na rafiki yangu wa nyumbani, Mangi, kama mshenga, tukachukua lodge karibu na soko, tukaanza kusaka pa kumlisha mzee.

Wa kwanza ni mgahawa wa lodge yenyewe. Menu nene, ila kila unachoagiza kimeisha. Kilichobaki ni chips mayai. Sasa mkuu, unaombaje mke kwa chips mayai?

Wa pili uko stendi. TV kubwa, viti vya sofa, na pilau lenye chumvi ya kuhifadhia nyama. Mhudumu hakuondoa macho kwenye tamthilia hata nilipokohoa.

Wa tatu ni kwa Mama Salima, nyuma ya soko, banda la bati na mabenchi. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki wa Ruvuma. Asubuhi kuna ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku, na chai. Nilikula mpaka nikamkumbuka marehemu bibi yangu.

Nikasema hapa hapa.

Kesho yake mjomba akafika kutoka kwenye mikorosho yake, mikono vumbi tupu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Chakula kikaja, na jagi la kunawia likawekwa mbele yake.

Mangi akalidaka.

Wakuu, kwetu maji yanashuka mlimani yenyewe. Newala kiangazi maji yananunuliwa kwa dumu, na mkubwa ndiye ananawa kwanza. Mangi akanawa mpaka viwiko. Akapiga uso. Akasukutua! Jagi likabaki na hewa.

Mama Salima akashika kiuno. "Baba, hayo yalikuwa ya meza zote. Muuza maji bado hajapita."

Mjomba akakunja mikono yake yenye vumbi, akautazama ugali ukipoa. Nilitamani atukane tu yaishe. Nilimwona Vero akiolewa na mtu mwingine, na Mangi anakula nyama ya harusi.

Nikakumbuka ndoo yangu. Pale lodge mgeni anapewa ndoo moja ya kuoga, na ya kwangu nilikuwa nimeitunzia jioni. Nikatoka mbio, nikarudi nayo, suruali imelowa mpaka magoti.

Mjomba akanawa kwa maji kiduchu, vidole tu. Yaliyobaki akamkabidhi Mama Salima. Akanigeukia.

"Jioni utaoga nini?"

"Sitaoga, mjomba."

Akacheka mpaka benchi likatikisika, akamega tonge. "Kula, mwanangu. Vero ni wako."

Nikataka kulia, wakuu. Sio utani.

Halafu akamtazama Mangi, aliyekuwa anahangaika na mwiba wa samaki. "Ila harusi tutasubiri mvua zinyeshe. Rafiki zako wananawa sana."

Funzo: ukienda kuomba mke, kwanza mchunguze mshenga wako. Na ukifika Newala, achana na menu za lodge, ulizia kwa Mama Salima, na mkubwa anawe kwanza.

Waliopita Newala mnakula wapi? Leteni location. Na mwenye mshenga asiyependa kunawa aniazime, wangu nimemstaafisha.