Waisiko Anachagua Ramani ya Mwanza

Kule Susuni hakuna anayebisha: Waisiko alipolia, ng'ombe wa ng'ambo walikataa kunywa maji, wakidhani mto umeingia chumvi. Na alilia tangu siku ya gulio, siku ambayo Precious alimfunga mtoto mgongoni akasema anakwenda kuuza ndizi. Jioni ndizi zikarudi zenyewe, juu ya baiskeli ya jirani.

Precious alikuwa mke wake. Wewe usiyetoka huku usishtuke. Kwa Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume naye hana mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Nyumba ntobu, ndivyo tunavyoiita. Waisiko aliswaga ng'ombe wote mpaka kwa baba yake Precious, zizini wakabaki kupe tu, hawana kazi. Akazaliwa Regina, mtoto mwenye sauti ya kuangusha papai bichi, halali mpaka amshike bibi yake Waisiko sikio.

Sasa konda mmoja alikuwa ameleta habari kwamba Precious yuko Mwanza, amepanga chumba karibu na jiwe kubwa, na kwamba mwisho wa wiki anahama. Labda Geita, labda Dar, konda hakukumbuka. Akishahama, Regina ndiyo basi tena. Simu ya Waisiko Precious hapokei. Kuazima simu ya jirani? Aibu ingefika Sirari kabla mazungumzo hayajaisha.

Ndipo Waisiko akapanda bodaboda kwenda Tarime. Ilikimbia hivi kwamba kivuli chake kilifika mjini baada yake, kinahema. Mtu alikuwa amemwambia kuna karatasi zinazoonyesha mji mzima, akashukia penye duka la vitabu karibu na stendi. Mwenye duka ni Nassib, mtu wa Kondoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe Mwanza."

Nassib akacheka, akaona mwenzake hacheki. Akaweka mezani vitu viwili: ramani iliyokunjwa ya kuingia mfukoni, na kitabu cha kuongoza wageni, chenye picha.

"Ramani ina mitaa yote. Kitabu kina maelezo, hoteli, pa kutembelea. Unakwenda kutembea?"

"Namfuata mke wangu."

Nassib alikuwa ameishi Tarime vya kutosha. Hakuuliza la pili.

Waisiko akaikunjua ramani, akaikagua kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Wanchari wanakaa upande gani?"

"Akina nani?"

"Ukoo wetu. Huku kila ukoo una nchi yake. Nionyeshe ya kwetu hapa, nikifika nitauliza mzee wa kwanza."

"Mama, mjini watu hawakai kwa koo. Wamechanganyika kama makande."

"Sasa mtu akifa, nani anajua wa kumzika?"

Nassib akakuna kidevu. Hilo halikuwa kwenye ramani wala kwenye kitabu.

"Haya, achana na ukoo. Nionyeshe jiwe kubwa. Anakaa karibu na jiwe kubwa."

"Mama yangu," Nassib akasema taratibu, "Mwanza yote ni mawe. Watu wamejenga juu ya mawe, chini ya mawe, katikati ya mawe."

Waisiko akakalia katoni la daftari, akavuta kile kitabu, akaanza kufungua ukurasa baada ya ukurasa. Hajui kusoma hata herufi ya kwanza. Alikuwa anatafuta sura. Samaki, akapita. Ziwa, akapita. Halafu watoto wanacheza juu ya mwamba, na mmoja amegeuka, mgongo tu unaonekana.

"Huyu hapa! Regina!"

"Hapana, mama. Hiki kitabu ni cha zamani. Mtoto wako alikuwa bado hajazaliwa."

"Basi ni nani aliyevaa mgongo wake?"

Mteja aliyekuwa anachagua kalamu akaiweka chini akatoka polepole. Nassib akachukua simu yake.

"Nitajie namba yake. Yangu haijui, atapokea."

Waisiko akatoa simu yake kutoka kwenye fundo la kanga, Nassib akaitafuta namba mwenyewe, akapiga kwa yake, akampa. Ikaita. Ikaita tena.

"Haloo? Nani?"

"Precious. Ni mimi. Usikate!"

Upande wa pili mtoto anakohoa, halafu anaimba mwenyewe.

"Mama, usije huku. Ukija utanirudisha kama ng'ombe aliyekata kamba. Na utaniletea tena yule Selestine wako."

Hapo ndipo penyewe. Regina alikuwa wa kike, na Waisiko alitaka wa kiume wa kurithi boma. Alimchagua Selestine, mwanamume mwenye meno mengi na kazi chache, akamwambia Precious ampokee, azae naye. Precious alikataa kwa mdomo, hakusikilizwa. Akakataa kwa miguu.

Waisiko alijua anachotakiwa kusema, na alijua bei yake: bila mtoto wa kiume, shemeji zake wangegawana boma hata kabla matanga yake hayajaisha. Akafumba macho.

"Selestine haji tena. Wala mwingine. Regina ananitosha."

"Umesema hivyo kwa sababu umekwama."

"Nimekwama, ndiyo! Nimekaa dukani kwa watu natafuta mtoto kwenye picha! Nakuja kesho, peke yangu, sina mzee wala fimbo. Niambie tu ulipo."

Precious alivuta pumzi. "Sikuambii. Shuka stendi, ukae hapohapo. Nikiona moyo umekubali, nitakuja naye. Nisipokuja, panda basi urudi."

Simu ikakatika. Nassib akajifanya anapanga rula.

"Mwanangu, stendi unayofikia ukitoka huku iko wapi hapa?"

Nassib akaizungushia kwa kalamu nyekundu. "Lakini mama, kama unakaa stendi, ramani ya nini? Basi lenyewe litakufikisha."

"Na asipokuja?"

Nassib akafunika kalamu yake.

"Chukua kitabu chako, kina watu wasionijua. Nipe hiyo ya mfukoni. Asipokuja nitagonga mlango mmoja mmoja, na wewe umesema mitaa yote imo."

Akaikunja mwenyewe, vibaya, kinyume na mikunjo yake, akaisokomeza kifuani. Akavuka barabara mpaka kwa mkata tiketi, akagombea kiti cha mbele kabisa cha basi la kesho, pembeni ya dereva, akakataa kingine chochote, ili basi likiingia Mwanza mtoto amwone yeye kwanza.