Kidege Kilichonusa Mahindi

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba serikali ina kidege kinachonusa mahindi. Kinapita juu ya shamba, kinanusa, na mwenye shamba anapata ruzuku kwenye simu. Ila harufu ya maharage hukichafua pua, kikaondoka zake. Usicheke. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku Mbarara, nina cheti kikubwa kama mlango, na bado niliamini.

Kidege chenyewe tulikiona. Kilikuja Juru, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, asubuhi moja kikivuma kama nyuki wa dunia nzima, kikasimama hewani juu ya mahindi ya jirani, kikafika kwetu, kikageuka. Kwetu mahindi na maharage hulala kitanda kimoja, kama mama alivyolima tangu kwetu Kivu ya Kusini, kabla hatujakimbilia huku. Wiki ileile redio ilikuwa imetangaza ruzuku ya mahindi kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji. Hakuna aliyekuja kutufafanulia kwa lugha yetu, kwa hiyo tulijifafanulia wenyewe.

Kijiji kikaanza kung'oa maharage. Mama akagoma, akasimama katikati ya shamba, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Mutu gani anang'oaka maharagi yenye iko na maua? Tutakula nini?"

"Mama, tutanunua kwa ile pesa."

"Iko wapi?"

"Inakuja na kidege."

"Basi ungoje, bwana cheti. Njaa haingojaka ndege."

Angeshinda, lakini majirani walimjia wote, na shamba letu lilikuwa katikati ya yao. "Mama, harufu yako itatukosesha siye bote!" Mtu huwezi kuishi kambini huku umenuniwa na kijiji. Akayang'oa mwenyewe, mche kwa mche, akanikataza nisiguse hata jani.

Kidege hakikurudi. Msimu mzima tulikula ugali mtupu, mpaka nikahisi punje zinachipua masikioni. Kila jioni mama aliniwekea sahani na kutazama juu.

"Kula, mwanangu. Mboga iko njiani, inaruka."

Alipoacha utani huo na kuanza kunigawia sehemu yake, akidai ameshiba, ndipo damu iliponichemka. Ameshiba nini? Upepo? Nikaenda Isingiro. Hasira niliyokuwa nayo ingeiendesha taksi kutoka Rwekubo bila tone la petroli. Kwenye ofisi ya kilimo nikamkuta mama mmoja Mnyankore, nikamwaga yote: kidege, pua, maua ya maharage, sahani ya mama yangu. Nadhani walinisikia hadi Tanzania.

Hakucheka. Nilimngoja acheke ili nipate wa kugombana naye.

"Sebo," akaniita, yaani bwana kwa lugha yao, "nani alikwambia hayo mambo?"

"Na nani alituambia mengine?" nikamjibu. "Mmoja tu! Nitajie mmoja aliyefika Juru akasema nasi kwa Kiswahili!"

Swali hilo halijajibiwa mpaka leo, na mimi sijaacha kuliuliza. Yeye akanivutia kiti, akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa:

"Ile ndege ilikuwa ya watu ya barabara. Ilikuwa inapima barabara tu. Hii musaada ya mahindi iko ya watu iko na ardhi yao. Nyinyi walipatia nyinyi ardhi ya kulima tu, si yenu. Hata mungeacha maharage, hata mungeng'oa, hamungepata kitu."