Nne Yetu, Nane Yao

Saa tatu asubuhi mjini Faridpur. Umeme umerudi, feni imeanza kuzunguka, na Lutfunnahar Begum ameegemeza rula ya plastiki kwenye kioo cha kompyuta, chini ya mstari wa kumi na moja wa ukurasa ulioskaniwa. Anasoma kwa sauti kama mtoto wa madrasa.

"Bomba la mia mbili na tano. Sumu, themanini."

"Themanini ya nani?" anauliza Jharna, mwenzake wa meza ya pili.

"Ya Kizungu. Itazame tano ya namba ya bomba, si ya kwetu hiyo."

"Haya, andika themanini. Usije ukatuua."

Hakuna anayecheka. Zamani wangecheka.

Lutfa, kama wanavyomwita, ana miaka thelathini na minne, na kazi hii ameifanya kwa miaka sita. Ofisi za serikali na mashirika huleta majedwali ya karatasi yaliyopigwa skani. Programu huyasoma na kuyamimina kwenye lahajedwali, lile jedwali la kompyuta ambalo mtu anaweza kulirekebisha na kulipanga upya. Kazi yake ni kulinganisha picha na kilichosomwa, mstari kwa mstari. Kila ukurasa humpa taka kumi na nne. Ndiyo fedha yao hiyo, msomaji asicheke. Siku njema humaliza kurasa sitini.

Mwaka jana zililetwa kurasa mia tatu na kumi na mbili za mabomba ya mkono yaliyopimwa sumu ya aseniki. Bomba lisilozidi kipimo cha hamsini hupakwa rangi ya kijani, watu wanywe. Likizidi, nyekundu, lisiguswe kwa maji ya kunywa. Wapaka rangi hawakupewa karatasi. Walipewa jedwali la Lutfa.

"Nilitamba," anasema. "Niliwaambia watu nimemaliza kurasa mia tatu bila kosa."

Sikukuu ya Idi ikamkuta kwa mama yake, Sokhina, kijiji cha Kashipara. Mama huyo ana vinundu vigumu viganjani, alama ya maji aliyokunywa miaka mingi kabla bomba la uani kwake halijapakwa rangi nyekundu. Tangu hapo, miaka tisa, alikuwa akichota kwenye kisima kirefu cha shuleni, mwendo wa nusu saa.

"Kunywa mwanangu, umetoka juani," Sokhina alimwambia, akimpa gilasi.

"Maji ya wapi haya, Mama?"

"Ya hapa hapa uani. Bomba limepona."

"Limepona vipi?"

"Kwani wewe huoni rangi? Wamekuja wenyewe na ndoo zao. Goti langu hili limekwisha kwa kutembea, Mungu kanionea huruma."

Lutfa alitoka akalitazama bomba. Lilikuwa kijani, bichi kama jani la mgomba. Alikaa chini pale pale kwenye tope na nguo zake za Idi.

"Nilijua ni mkono wangu. Kwenye jedwali vijiji vilikuwa namba tu, sikujua ukurasa upi ni wa kwetu. Lakini nilijua."

Ukurasa ulikuwa wa sitini na moja. Mpimaji, ambaye kurasa zote za nyuma aliandika tarakimu za Kibangla, hapo alibadili akaandika za Kizungu. Na balaa lenyewe ni hili: nne ya Kibangla huandikwa vile vile kama nane ya Kizungu. Sufuri ni moja kwa wote. Programu iliambiwa isome Kibangla, ikasoma Kibangla. Themanini ikawa arobaini. Mabomba tisa yenye sumu yakapakwa kijani.

"Watu huniuliza, hukukagua? Nilikagua! Nilitazama picha, nikatazama jedwali, umbo lile lile huku na huku. Nikasema sawa, nikasonga mbele."

Alipomweleza mwenye ofisi, Mofizul, mzee huyo alifunga mlango kwanza.

"Dada Lutfa, ukilisema hilo tumekwisha. Mimi, wewe, na Jharna wako."

"Na wanaokunywa, kaka?"

Mofizul alimsukumia simu. "Wapigie mwenyewe walioleta karatasi. Mimi ulimi umekuwa mzito."

Mabomba yalipakwa upya, nyekundu, baada ya siku sabini na nne. Ofisi haikufungwa, ila sasa kila namba husomwa kwa sauti na watu wawili. Lutfa, bila malipo, anazirudia kurasa zote mia tatu na kumi na mbili. Amefika ya mia moja themanini na nane.

Hofu kubwa zaidi iko Kashipara. Mama yake amegoma kuliacha bomba.

"Leo kijani, kesho nyekundu, bomba hilo ni kinyonga?" Sokhina hufoka akisemeshwa. "Kama kuna mtu alikosea, nileteeni nimwone!"

Mtu huyo hukaa mbele yake, akiinamisha kichwa. Hajathubutu kumwambia.

Ijumaa iliyopita Lutfa aliona amepata njia. Alichapisha picha ya ukurasa wa sitini na moja akampelekea, aione sumu kwa macho yake. Sokhina hakusoma shule, lakini namba anazijua, zile za Kibangla tu. Aliisogeza karatasi mwangani, akaweka kidole chenye kinundu kwenye mstari wa bomba lake aliouonyeshwa na Lutfa.

"Si hii hapa? Arobaini," alisema, akacheka. "Unaona? Hata karatasi yenu inasema ninywe."

Akainuka na ndoo yake. Lutfa alibaki kibarazani akisikiliza mpini wa bomba ukipanda na kushuka.

"Karatasi haitanisaidia," anasema sasa. "Ijumaa hii naenda tena, mikono mitupu. Nitamshika ile mikono yake nimwambie, Mama, ni mimi. Akinilaani na anilaani, mradi aliache lile bomba."

Anashusha rula mstari mmoja.

"Bomba la mia mbili na sita," anasoma. "Sumu, nane, sufuri."

"Ya nani?" anauliza Jharna.