Figo Hizi Nazitetea

Mdogo wangu wa kiume alinipa kipande cha ini lake. Tulipasuliwa siku moja, huko India, nikarudi Bagamoyo na dawa za kumeza maisha yangu yote, ili mwili usilikatae ini la mwenzangu.

Mwaka wa tatu miguu ikaanza kuvimba. Daktari wangu wa Dar alisoma majibu ya damu, akavua miwani.

"Ini lako ni zima. Figo ndizo zinazochoka. Dawa inayolilinda ini ndiyo inayoziumiza."

"Basi niache?"

"Ukiacha, ini litakataliwa. Tutapunguza kipimo polepole na kuongeza dawa nyingine. Punguza chumvi, presha ishuke. Na mitishamba na vidonge vya maumivu vya kujinunulia, marufuku."

Wiki ileile shangazi aliyenilea akaja kutoka Kaole na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanimiminia kikombe mbele ya ndugu wote.

"Samahani, shangazi. Sinywi."

"Mimi niliyekulea, leo nataka kukuua?"

"Hutaki kuniua. Lakini humu hatujui mna nini, na figo zangu haziwezi kubahatisha."

"Hao madaktari wako ndio waliokuharibu figo!"

"Kweli. Na bila dawa yao mngeshanizika."

Shangazi akachukua chupa yake, akaondoka bila kuaga. Nililia, ila sikumwita arudi.

Nikawa mbishi. Kila asubuhi nilipima presha kabla ya kwenda kufundisha. Jino liliponiuma, tabibu wa zahanati akaniandikia sindano ya maumivu, nikamrudishia karatasi.

"Hii inaumiza figo. Niandikie nyingine."

"Siku hizi mgonjwa ndiye daktari?"

"Kwa figo hizi, ndiyo."

Alikunja uso, akampigia daktari wangu, kisha akaandika nyingine.

Baada ya miezi sita daktari alinionyesha majibu mapya. Figo hazikuwa zimepona, wala hazitarudi kama zamani, lakini zilikuwa zimeacha kuzorota. Nilimpigia mdogo wangu palepale, mlangoni pa maabara. Nilimsikia akivuta kamasi.

Siku ya Idi shangazi akaja, mikono mitupu. Akaingia jikoni, akapika samaki kwa ndimu na tangawizi, bila chembe ya chumvi. Alipoonja, akatema.

"Chakula gani hiki!"

Nilimaliza sahani, nikaomba nyingine.