Mikuyu ya Wodi ya Wazazi

Kwa miaka ishirini na sita alitunza bustani ya hospitali. Wauguzi walimwita Pampu, kwa sababu pampu ya kunyunyizia dawa ilikuwa haimtoki mgongoni. Macho yake yalianza kufifia, naye hakumwambia mtu. Siku moja mkewe alimwona akilisogeza kopo la dawa karibu na pua ili alisome.

"Baba, nenda ukapimwe."

"Ninachotaka kukiona nakiona," akajibu, wakacheka, yakaishia hapo.

Kisha akaagizwa aue magugu kwenye kokoto zilizozunguka mikuyu mitatu mikubwa ya wodi ya wazazi. Stoo kulikuwa na madumu mawili yaliyofanana. Moja lilikuwa na dawa ya kuunguza majani tu. La pili lilikuwa la kusafishia uwanja wa jenereta: dawa inayokaa udongoni miezi mingi na kunyonywa na mizizi. Pampu alisoma herufi kubwa, ndogo akakisia, akachukua moja, akanyunyizia.

Baada ya wiki tatu majani yakawa ya njano, yakaungua pembezoni, yakapukutika. Watu wakalaumu jua. Pampu akarudi stoo, akalisogeza dumu kwenye mwanga wa dirisha, akasoma herufi moja moja. Lilikuwa lile la uwanja wa jenereta. Akaketi sakafuni.

Jioni mkewe alimuuliza ana nini.

"Nimeiua mikuyu."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi bado hujasema."

Asubuhi akaenda kwa muuguzi mkuu, mama aliyewazaa wanawe wawili katika wodi ile ile.

"Mama, si jua. Ni mimi. Sioni vizuri, na nimekuwa nikificha."

"Unabeba sumu ndani ya hospitali, na huoni?"

Siku hiyo hiyo alinyang'anywa pampu.

Bwana shamba alipofika, aliwakataza kutia mbolea, maana ingeuhimiza mti uote wakati hauna nguvu. Akakataza kukata matawi kabla ya kujulikana lipi limekufa kweli. "Na mnapouondoa udongo wenye sumu, msichimbe chini ya kivuli tu. Mizizi inafika mbali zaidi."

Pampu aliomba kazi hiyo aifanye yeye. Kwa magoti, akitumia mwiko wa bustani, aliondoa kokoto na udongo wa juu, akiipapasa mizizi asiikate. Udongo ule ukafungwa kwenye magunia, ukapelekwa kutupwa panapostahili. Akachanganya ardhini unga wa mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Maji akayatia kwa kiasi, mti usione kiu wala yasitiririke.

Kivuli kilikuwa kimekwisha. Wazazi wakatundika mashuka madirishani, joto likabaki lile lile. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu mchanga alimuuliza, "Hii miti kaiunguza nani?"

"Mimi, dada."

Bibi akahamisha kiti chake.

Mara mbili mikuyu ilichipua vijani vidogo, mara mbili vikaanguka. Mwaka wa pili, miwili ilikuwa imekauka hadi shinani, matawi yakidondokea njia ya wagonjwa. Ikakatwa, na Pampu akawa miongoni mwa walioshika kamba. Wa tatu ulibaki hai upande mmoja.

Daktari wa macho alimwambia presha ya macho imekula mshipa wa kuonea, na kilichopotea hakirudi. Dawa ingelinda kilichobaki tu. Akahamishiwa kwenye chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Wauguzi waliendelea kumwita Pampu. Wapya hawakujua kwa nini, na yeye hakuwaeleza.