Rola Lililonipeleka Mbali na Handeni

Kampuni ile ilianza na tipa moja kuukuu. Mwenyewe alikuwa dereva kwenye mashamba ya mkonge huko Mazinde, na alipoacha kazi akawa anabeba mchanga na kokoto kwa tipa yake. Akajenga darasa, akajenga soko. Mimi nilimkuta ameshapata kazi ya kipande cha barabara, ana greda moja, rola moja la kushindilia na kambi ya mabati nje ya Kabuku. Niliajiriwa kupika. Nilikuwa binti wa Handeni, mtoto pekee wa mama mjane.

Asubuhi moja dereva wa rola aliamka na homa kali, akakimbizwa hospitali. Kifusi kilikuwa kimeshamwagwa na kusawazishwa, na wingu limejaa upande wa milimani. Mzee, ndivyo tulivyomwita mwenye kampuni hata kabla hajaota mvi, alizunguka kambi nzima akitafuta mtu. Wanaume walitazamana. Mimi kila siku nilimpelekea yule dereva chai, naye akinywa huniachia usukani.

"Najua kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kwenda mbele na kurudi nyuma."

Mzee akacheka. "Na rola linafanya nini kingine? Panda."

Nilipanda, na jikoni sikurudi tena.

Tulimaliza kipande kile, tukapewa kingine cha kuingia Handeni. Yakafuata madaraja, matangi ya maji, mabweni ya shule, stendi za mabasi. Tipa zikawa msafara. Tukatoka Tanga, tukaenda Dodoma, Mtwara, hadi Katavi. Kila kampuni ilipopanda, mimi nilisogea mbali zaidi na nyumbani. Nilijivunia, sitaficha. Lakini mwanamke pekee kambini hana wa kukaa naye. Jioni wanaume walicheza drafti na kutaniana, nami nilikuwa chumbani kwangu mwisho wa safu, nikisikiliza vicheko vyao kupitia bati.

Alikuwapo mfanyabiashara wa Manundu, pale Korogwe, aliyetaka kunioa. Alinisubiri kwa muda mrefu, maana nilirudi tu mvua zikisimamisha kazi. Mwisho akaniambia, tena kwa upole, "Siwezi kuoa mtu anayekuja na masika." Sikumlaumu.

Mama alikuwa akinipigia simu mara kwa mara. "Huko una mtu wa kukujulia hali?" huniuliza.

"Wapo wengi, mama."

Habari za kifo chake zilinikuta Katavi, kwa simu ya jirani. Niliomba wanisubiri, jirani akasema, "Mwanangu, maiti haisubirishwi." Alizikwa alasiri ya siku ileile, mimi niko ndani ya basi, porini. Kesho yake jioni, kutoka Mkata kwenda Handeni, basi lilikwenda bila mtikisiko juu ya lami tuliyoijenga wenyewe. Zamani njia hiyo ilikuwa vumbi na mashimo, abiria wakishuka kusukuma. Sasa walikuwa wamelala. Nilikaa dirishani nikilia kimyakimya, nisimwamshe mtu.

Siku ya hitima Mzee alikuja, akiendesha gari mwenyewe. Alikaa mkekani na wanaume, kisha akaomba kuniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Akatazama mikono yake. "Barabara uliionaje?"

Nilijua hakuwa na la kuuliza zaidi ya hilo.

"Nzuri, mzee. Haina hata shimo."

"Nilikuwa najiambia tukijenga, watu watawahi."

"Wengi wanawahi," nikamjibu.

Akainamisha kichwa.

Nilirudi kazini, nikaendelea mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi ya rola, ndipo nikarudi kuishi katika nyumba ya mama. Majuzi kampuni ilifanya sherehe Korogwe. Siku hizi inaendeshwa na watoto wa Mzee. Kulikuwa na mahema, na skrini kubwa ikionyesha madaraja moja baada ya jingine. Ikatokea picha yangu, nimevaa kofia ngumu juu ya mtandio, niko kwenye rola. Mshereheshaji akasema, "Huyu ni mmoja wa watu wetu wa mwanzo!" Watu wakapiga makofi wakitazama skrini. Mimi nilikuwa nyuma yao, sahani ya pilau mkononi.

Mzee ndiye aliyeniona. Amezeeka, anatembelea fimbo. Akanionyesha kiti kando yake.

"Wenzetu wako wapi?" akauliza.

"Wengine wametangulia, mzee. Wengine walioa hukohuko tulikojenga."

"Hawa vijana wananisalimia vizuri, lakini simjui hata mmoja."

Tukala pamoja. Wajukuu wake walipokuja kupiga picha niliinuka niwapishe. Akanishika mkono, nikakaa.

Baada ya hapo nilipangisha chumba cha uani kwa muuguzi kijana aliyetoka Lushoto kuja kufanya kazi hospitali ya hapa. Jioni ya kwanza alibisha akiomba kiberiti. Nikamwambia asiwashe moto, aje tule. Niliusonga ugali ukazidi, maana kwa muda mrefu nilikuwa nimezoea kipimo cha mtu mmoja, cha wawili nikakikosea. Alikula, akashukuru, akaosha vyombo bila kuambiwa, kisha akaaga kwenda zamu.

"Mama, mlango nifunge?"

"Rudishia tu," nikamwambia.